Nilivyopanda Uluguru Kutafuta Kongosho

Nilipanda mlima kwa sababu mjini tulikuwa tumepungukiwa na makongosho. Mradi ulioniajiri kama fundi wa maabara ulichunguza kwa nini watu wa milimani, hata wasiokunywa pombe, huharibikiwa na kiungo hicho kilichojificha nyuma ya tumbo, kinachosaidia kusaga chakula na kudhibiti sukari. Kiongozi wetu alituaga kwa hotuba ndefu kuhusu ugumu wa safari. Yeye alibaki, lazima mtu alinde kiyoyozi.

Jumanne asubuhi niliondoka Mwembesongo, mtaa wetu wa mjini, na sanduku la barafu la kuhifadhia sampuli. Gari la mboga lilinifikisha Mgeta, na kutoka hapo Alois, dereva wa bodaboda, akanipandisha kwenye kile ambacho ramani ya mradi ilikiita barabara.

Kijijini nilipokewa na mwenyeji wangu, Mama Koleta, mkulima wa kabichi. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa damu au wa choo?"

"Vyote, mama."

"Basi mmeendelea. Wa mwaka juzi walichukua damu tu. Walisema majibu yanakuja."

"Hayajafika?"

"Labda yanapanda kwa miguu."

Siku mbili nilizunguka nyumba kwa nyumba. Swali la sita la fomu liliuliza kama mtu ameridhika na kongosho lake. Wote waliridhika, kwa adabu.

Alhamisi ikafika zamu ya Mama Koleta. Alikuwa amekonda hadi gauni linamning'inia, na tukiongea tu alimaliza vikombe vitatu vya maji. Maumivu, alisema, yalianzia chini ya kifua yakatokea mgongoni. Alishapewa dawa za vidonda vya tumbo. Majirani wakamwongezea habari za kurogwa. Nilimpima sukari. Mashine haikutoa namba, ilisema tu kwamba imezidi uwezo wake.

Nilipanda kilimani kutafuta mtandao, nikampigia kiongozi.

"Safi sana," alisema. "Mshiriki kama huyo ni dhahabu. Chukua sampuli. Majibu atapewa mradi ukiisha."

"Unaisha lini?"

"Tumeomba kuongezewa muda."

Mchana Alois alikuja kunichukua. Pikipiki ilikuwa moja, na barafu ilibakiza saa chache. Niliandika barua kwa daktari nyuma ya fomu, nikampandisha Mama Koleta.

"Na sanduku lako?" aliuliza.

"Nitalibeba. Alois, usisimame mpaka hospitali ya mjini."

Nilishuka kwa miguu hadi Mgeta, sanduku kichwani. Nilihofia Mama Koleta amechelewa kutibiwa. Nilipoingia mjini barafu ilikuwa maji ya vuguvugu, na abiria wote wa gari la mboga walikuwa wameshajua nimebeba nini.

Picha za hospitali zilionyesha kongosho lililojaa mawe madogo. Mama Koleta alianzishiwa insulini na vidonge vya kusaga chakula. Mimi nilianzishiwa barua ya onyo.

Baada ya miezi michache nilimkuta kliniki, mashavu yamerudi. Nilimsomea taarifa ya mradi: mshiriki kutoka kijiji chake amepotea.

"Nimepotea wapi?"

"Umetibiwa, mama. Kwetu ni kitu kimoja."

Alicheka mpaka muuguzi akamtazama. Chanzo cha mawe yale bado hatukijui, na utafiti unahitajika kwelikweli. Nami bado ninapanda. Ila siku hizi, kabla sijamchoma mtu sindano, nauliza kwanza nani atamteremsha akionekana mgonjwa.