Sikuona Mwanga Wowote

Wapendwa, mketi tu. Leo msinipigie vigelegele, mtaniongezea aibu.

Mnanijua. Mimi ni Rehema, mama Keziah, mwalimu wa vijana hapa kanisani, mwaka wa tisa sasa. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa mbio. Jumamosi nazunguka mtaa mzima wa Malvern, huku ughaibuni kwetu, na gari nikiwachukua watoto wenu, Jumapili darasa, katikati ya wiki kwaya. Ukinikuta nimekaa, ujue nimelala.

Ugonjwa ulianzia vidole vya miguu. Ganzi. Nikadhani ni theluji imeingia kwenye viatu. Siku ya tatu nikaanguka kwenye ngazi za nyumba yangu. Ya nne kikombe kikanitoka mkononi, chai ikanichoma kifua. Hospitalini daktari akasema, "Kinga ya mwili wako inashambulia mishipa yako ya fahamu." Nikamwuliza ganzi itapanda mpaka wapi. Akasema, "Tunachunga pumzi."

Kesho yake nikatiwa mpira kooni, mashine ikanipumulia. Nilivalishwa nepi. Niligeuzwa huku na huku kama gunia, wiki tano. Sikulia. Sikuomba. Moyoni namo hamkuwa na kitu, nilikuwa nahesabu vigae vya dari tu.

Dawa ilifanya kazi pole pole. Nikajifunza kumeza, kisha kukaa, kisha kutembea kwa kuegemea fremu. Baada ya miezi minane Mchungaji akanipa maiki mbele yenu. Jinsi mlivyonitazama! Nikaona siwezi kuwaambia habari za vigae. Nikaongeza chumvi. Nikasema niliona mwanga, na mtu mwenye mavazi meupe akanishika mkono. Lo! Kanisa lilisimama, kuna mama alivua viatu akacheza. Mimi nilikuwa pale mbele, moyo baridi kabisa, nikiwaza nitashukaje jukwaani bila kuanguka.

Wiki hiyo mkanirudishia darasa langu. Somo lilipoisha, Abigaili akabaki nyuma. Ana miaka kumi na sita. Mama yake yuko hospitalini, kiharusi kimemchukua upande wa kushoto na sauti. Akaniambia kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote wa huku wanavyotujibu, "Anti, kila siku namwuliza mama kama ameuona ule mwanga. Anatikisa kichwa. Mungu amemkataa?"

Jamani. Nilitafuta kiti.

"Abigaili," nikamwambia, "nilidanganya. Sikuona mwanga wowote."

Akanikazia macho. "Kwa hivyo uliona nini?"

"Dari. Mashine. Na Baba Keziah, kila Jumamosi alikuja kunikata kucha za miguu. Sikuhisi kitu. Nilimwona tu, ameinama, miwani imemshuka puani."

Alichukua koti lake akatoka. Nikajua nimempoteza, na pengine imani yake nimeivunja. Hata hapo machozi hayakuja. Nilipanga viti, nikazima taa.

Jumapili iliyopita akarudi. Akasimama karibu na meza yangu, begi bado mgongoni.

"Nimemkata mama kucha," alisema. "Nilianza na ule mkono uliolala. Nilipomaliza, akanyoosha mwingine mwenyewe."

Basi nimekuja kuurudisha ule ushuhuda wa kwanza. Mchungaji anajua. Mkiona nipumzishwe darasa, sitabisha, ingawa hiyo ndiyo kazi pekee ninayoitaka. Namshukuru Mungu niko hai. Nawashukuru madaktari na wauguzi walionisafisha bila kukunja uso. Baba Keziah, asante. Furaha bado haijanirudia. Ikirudi nitawaambia, na sitaiongezea kitu.

Na wewe unayeuguza, usimwulize mgonjwa wako ameona nini. Kaa naye. Mshike hata kama hahisi, maana anakuona.

Abigaili yuko pale nyuma, mwenye koti jekundu. Leo anakwenda kwa mama yake kwa basi, peke yake. Wageni wanaruhusiwa kuanzia saa nane. Nani ana nafasi kwenye gari?