Mzee Aliyemwamkia Mama Yangu Shikamoo

Wasomaji wangu, kabla sijakwambieni nani kafa, niungame ujinga wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha Mwingereza wa miaka themanini na ushee kumwamkia mama yangu shikamoo. Alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili hapa Thamesmead, London, tumemzika wiki iliyopita, na kila anayenipa pole nnaona haya kuipokea. Nilikuwa darasa la tano aliponiuliza, kwa adabu zake zote, kwetu mwanamke wa heshima husalimiwa vipi. Nami kwa ushetani wangu nikampa neno ambalo mdogo humpa mkubwa. Kesho yake, mbele ya lifti, mzee wa rika la babu yangu akavua kofia akamwamkia mama, dereva wa basi ambaye hata mvi hajaota. Mama angeitikia marahaba kwa moyo gani? Akamrudishia shikamoo yake. Mzee akadhani ndivyo salamu inavyokwenda, akaongeza nyingine. Lifti ikafunguka, ikafungwa, ikapanda tupu, nao bado wanaamkiana, hakuna wa kupokea. Mimi nilikuwa kwenye ngazi, nimeuma mkono wa sweta nisisikike nikicheka.

Salamu hiyo ikawa mazoea. Mama kila Ramadhani alimpelekea sahani ya futari, naye akaambiwa sahani hairudi tupu, basi ikawa inarudi na viazi, tena vibichi na udongo wake, kutoka kwenye kishamba chake nyuma ya reli. Mambo yaliharibika siku bibi mmoja wa Kipemba alipotutembelea, akaisikia ile shikamoo pale koridoni, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akamweleza mzee kwa Kiingereza kwamba anajishusha bure. Jioni mzee akaniita. Nilikwenda nimeshatunga uongo wa aina mbili. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama neno lenyewe ni la heshima kweli. Nikamwambia ni la heshima mno, ila wewe ndiye wa kupewa. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi niache niendelee." Nikajisemea, uzee huo.

Mwaka jana mwalimu wetu wa historia alitutaka kila mmoja amuulize mtu mzima namna Uingereza ilivyobadilika maishani mwake. Nilimchagua jirani kwa uvivu tu, maana kumfikia hakutaki hata viatu. Nilitarajia hadithi za televisheni za rangi na utamu wa chipsi za zamani. Yeye akazima redio, akanieleza kwamba ujanani, katika mji aliozaliwa, mbali na London, alikuwa dereva wa basi, na kampuni ilipotaka kuajiri makondakta weusi yeye na wenzake waligoma. Walisimama na mabango mlangoni mwa gereji. Sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wao waliona mgeni akija mwenyeji atakosa malipo ya saa za ziada. Mgomo ukashindwa, na kondakta wa kwanza Mjamaika akapangwa, ama kwa adhabu ama kwa bahati, kwenye basi lake yeye.

Mabasi ya wakati ule dereva alikaa mbele peke yake, kafungiwa kwenye kibanda, na kondakta alikuwa nyuma na abiria. Kilichowaunganisha ni kengele: mlio mmoja simama, miwili twende. Mzee hakumsemesha yule bwana karibu msimu mzima wa baridi, wala hakukaa naye meza moja kunywa chai. Lakini kila kituo ilimbidi auamini mkono wake, kwamba akigonga mara mbili basi kweli hakuna bibi anayening'inia mlangoni, hakuna mtoto karibu na gurudumu. "Nilikuwa namchukia," aliniambia, "na huku roho za watu wote wale nimeziweka kwenye kidole chake. Chuki ya namna hiyo inachosha, kijana." Asubuhi moja akampelekea kikombe cha chai. Mapinduzi yenyewe ndiyo hayo, hayakupigiwa hata mzinga mmoja.

Darasani tunafundishwa kwamba nchi hii ilibadilishwa na Bunge, lilipopitisha sheria ya kukataza kumnyima mtu kazi kwa sababu ya rangi yake. Sibishi, mitihani ipo karibu. Hata mzee hakubisha. Alisema sheria ilimziba mdomo kwanza, na lau isingemziba asingeisikia kengele. Ila mwalimu hakutwambia kuhusu ile chai. Siku hizi nnapowaona watu na bendera zao wamesimama nje ya hoteli wanakolala wakimbizi, wanapiga kelele wageni warudi makwao, zamani ningewafanyia mzaha wa kuigiza sauti zao. Bado naigiza, nisikudanganyeni. Lakini huwatazama nyuso mmoja mmoja, nikijiuliza ni yupi atakayekuja kumrudishia mtu sahani na viazi.

Mzee aliniomba jambo moja. Habari ile ya mgomo hakuwahi kumwambia mama. Kila akijikaza aseme, mama hutokea na sambusa. Akasema yeye mwoga, akifa nimwambie mimi. Nikamjibu kwa utani kwamba basi asife kabla sijamaliza mitihani. Hakunisikiliza.

Bintiye alikuja kutwambia kwamba baba yake aliacha neno: mama akae mstari wa mbele pamoja na familia, na kama haoni tabu, avae sare yake ya udereva. Mama alilia kwa furaha ya kuthaminiwa. Asubuhi ya maziko nikamkuta anaipiga pasi shati ile, naye anamsifu marehemu. Nikinyamaza, atakwenda na sare hiyo bila kujua anaivaa mbele ya nani. Nikisema, huenda mzee akazikwa bila yule aliyemtaka kuliko wote. Nikasema. Nilimweleza yote nimesimama mlango wa jikoni, kwa mara ya kwanza maishani sina kichekesho mfukoni.

Mama akaisimamisha pasi.

"Waligoma kwa sababu ya watu kama mie?"

"Kama wewe, mama."

"Na shikamoo zote zile?"

"Ya kwanza ilikuwa yangu," nikamwambia. "Zilizobakia zake."

Akaichukua shati, mkono mmoja haujapigwa pasi, akaingia chumbani na kufunga mlango. Gari la binti wa marehemu likapiga honi chini. Likapiga tena. Nilikuwa nshaanza kutunga udhuru wa kwenda kumwambia, mama alipotoka kavaa sare kamili na mtandio mweusi, akanipita bila kunitazama.

Makaburini alikaa mbele. Jeneza liliposhushwa, akainama akatupia mchanga kwa mkono, mara tatu, kama tunavyofanya kwetu. Wazungu wakatazamana. Kisha, kwa kuwa hawa ni Waingereza, wakapanga foleni nyuma yake, na kila mmoja akatupia mchanga wake.

Nimejifunza kwamba nchi haibadiliki mara moja ikakwisha. Kila mtu huibadilisha kwa zamu yake, wengine kwa miaka sitini, wengine kwa muda wa kuvaa shati tu. Nami nilikuwa nimejiandaa kuliandika hili kwa maneno makubwa zaidi, ila tuliporudi nyumbani nilimuuliza mama kama amemsamehe yule mgomaji, naye akanijibu, neno kwa neno:

"Yule wa mgomo mie sikumjua, na wala sikwenda kumzika yeye. Nimekwenda kumzika jirani yangu. Haya, vua viatu hivyo nje, ushanijazia tope mlangoni."