Ncha ya Kanga

Juzi niliwaona vijana wakiokota taka kando ya mto, nikamkumbuka Bibi.

Mama alikuwa kitandani, amebaki mifupa, chumba kizima kinanuka ubani. Alasiri ile Bibi alinishika mkono tukaifuata njia ya mtoni, tukiokota kila kitambaa kilichonasa majanini. Nilidhani anapenda usafi, nikafurahi kumsaidia.

"Bibi, na hiki?"

Alikigeuza, akakinusa. "Sicho, mwanangu. Hebu tafuta tena."

Sikujua kuwa kuna mtu aliikata ncha ya kanga ya Mama ilipoanikwa, na Bibi aliamini mtu huyo amekwenda kumrogea nayo mtoni.

Hatukuipata, na Mama tukamzika.

Wale vijana waliponipita na magunia yao, niliwaomba wayafungue, nitazame ndani.