Tulikata Migomba Yetu Huku Tunaimba

Siku ile tulikata migomba yetu ninaikumbuka vizuri, binti yangu, sababu tulikuwa tunaimba.

Shamba lilikuwa bondeni, karibu na Nguba, pale leo unaona hangari na ukuta murefu. Bwana yangu Cubaka aliachiwa lile shamba na baba yake, na baba yake alilipata kwa mwami, mufalme wetu, kwa kumupa ngombe. Nilikuwa nimeolewa mwaka ule, niko na mimba ya kwanza.

Acha nimutaje kwanza aliyetuua: Kashosi, kapita, musimamizi wa kazi wa sosiete, ile kampuni. Ninyi munaogopa kutaja majina. Mimi sina tena cha kuogopa. Ile sosiete ilikuwa nusu ya Leta, ni kusema serikali, nusu ya wazungu wenye mali, na ilitaka bonde letu lote lijengwe usine, kiwanda. Kashosi alikuja na kofia yake, akakaa kwetu, akakunywa kasiksi, pombe ya ndizi zetu.

“Mukate migomba mbiyo,” alisema. “Mashini haiwezi kupita. Wa kwanza kumaliza, wa kwanza kupata nyumba ya matofali.”

Mama mukwe wangu, M'Cihanga, akatoka jikoni na mwiko mukononi.

“Papa Kashosi, nikikata migomba, mutu atajua namna gani kama hapa ni kwangu?”

“Maman, unataka kuolewa na migomba? Utalala mu nyumba ya simenti, utasahau moshi!”

Wanaume wakacheka. Cubaka alicheka kuliko wote. Mama akamugeukia mbele ya watu: “Cheka tu. Hii migomba ndiyo inasema hapa kuko mutu. Ukiiangusha, nani atakusemea?”

Tukakata, tukiimba ile nyumba ya matofali. Majirani pia wakakata, ndizi changa zikaoza chini.

Kisha akaja muzungu wa Leta. Kazi yake ilikuwa kuuliza kama udongo uko na mwenyewe, kabla ya kuipa sosiete. Akasimama katikati ya ule uwanja mutupu, bila mugomba hata mumoja, akatuangalia sisi na mapanga yetu.

“Hapa ni kwa nani?”

Kashosi ndiye alijibu. “Si kwa mutu, Bwana. Ni pori. Hawa ni batu yangu ya kazi.”

Cubaka akafungua kinywa. Kashosi akamunongoneza: “Nyamaza. Ao hautaki tena nyumba?” Cubaka akakifunga. Mama peke yake akapiga kelele kwa Mashi, luga yetu, shamba ni letu, shamba ni letu. Muzungu akauliza anasema nini.

“Anaomba chumvi, Bwana.”

Muzungu akacheka, akaenda zake.

Nyumba za matofali zilijengwa, ndiyo. Kashosi alizijaza ndugu zake. Sisi walitupakia mu kamio ya mizigo mpaka kule chini Luvungi, kwenye joto na mbu, sisi watu wa baridi ya milimani. Homa ikachukua mama, kisha mutoto wangu wa ile mimba ya kwanza, hata hajatembea. Cubaka hakucheka tena mpaka naye akaenda. Kwa wale wa shamba, nimebaki mimi.

Basi nisikilize, mwanangu. Usibomoe chako kabla ya kuingia mu kile walichokuahidi. Na siku mukubwa anauliza hapa ni kwa nani, usimuachie mwingine kujibu, hata akikukazia macho, hata bwana yako akinyamaza. Sema wewe, na useme kwa luga ambayo huyo mukubwa anasikia. Ndiyo maana ninakusukuma kwenda masomo.

Mungu akuepushe na ma-Kashosi. Akupe mulango unaoufunga wewe mwenyewe kutoka ndani, na wajukuu wakuzike kwako.