Site yangu ilifutika, kabati ya Profesa ikaniokoa

Site yangu ya internet ilifutika leo asubuhi, saa mbili na dakika kumi.
Kurasa 41. Miaka tatu ya kazi.

Mwenye kuifuta ni Muhindo, rafiki yangu wa Beni, yeye mwenyewe aliyeitengeneza. Eti alikuwa "anasafisha".
Mais nani alikutuma kusafisha?

Na leo saa ine Profesa wangu wa master alipashwa kuisoma, mbele ya kuniandikia barua ya bourse ya masomo.
Copie? Sina hata moja.

Nikaingia bureau yake, hapa Butembo, mikono mitupu.
"Profesa, site haiko tena."
"Site gani? Mimi hapana soma ku écran ya komputa, mwanangu."

Akafungua kabati.
Kurasa zote 41 ku karatasi, zimetobolewa, zimefungwa na kamba! Aliziprintisha tangu juma iliyopita.
Nilikaa bila kuambiwa kaa.

Kisha akanionyesha ukurasa wa tatu, "Namna ninavyoona maisha". Niliandika pale: "Nilijijenga mwenyewe, bila mkono wa mutu."
Pembeni, aliandika na bic nyekundu: "Na mwenye kutengeneza site?"

Bandugu, nilifunika ule ukurasa na mkono. Yeye akacheka, akatia sahihi barua.

Donc Muhindo, nimekusamehe nusu. Ile sentensi nitaibadilisha, jina lako litaingia.
Mais kurasa ni za kuandika upya ku site: 21 zangu, 20 zako.
Unakuja Butembo Siku ya Posho, Jumamosi hii?
Jibu ndiyo ao hapana ku maoni hapa chini, mbele ya saa kumi na mbili jioni. Bashahidi ni hawa wote wanaosoma.