Wageni Waliouliza Habari za Boriti

Kaka yangu alipiga simu asubuhi ile kabla sijamaliza chai. Alikuwa Mombasa, na nyuma yake nilisikia magari yakipiga honi. Akasema kuna wageni wawili, mtu na mkewe, wametoka Nairobi na wamelala Shela, wanataka kuzungushwa mjini. Niwaonyeshe ngome, niwapitishe Ndia Kuu, ile njia kuu ya mji, kisha nimalizie nyumbani.

"Nyumbani kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwetu, kwa nani tena? Waone zidaka."

Nikamwambia mama yuko edani. Akasema anajua mama yuko edani, kwani aliyekufa alikuwa baba yake pia. Kisha akasema watanikuta jetini, na simu ikakatika, au akaikata yeye, sijui.

Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni. Wanawake katika kazi hii ni wachache hapa Amu, mji wa Lamu, na wanaume waliotutangulia bado wanatuangalia kwa jicho la pembeni, lakini mimi naipenda kwa sababu sijui kukaa. Tangu utotoni nilikuwa nikitumwa dukani kununua chumvi narudi na habari za mji mzima. Tangu baba afariki hali ilizidi. Nilikuwa nikiamka naswali, naingia jikoni, natoka jikoni, napanda darini, nashuka, mpaka mama ananiambia niende kazini nimpumzishe.

Kilichokuwa kikinizungusha hivyo ni nyumba. Iko Mkomani, ni ya mawe, ya ghorofa, na katika chumba cha ndani ina ukuta mzima wa zidaka, zile shubaka za chokaa zilizochongwa safu juu ya safu. Mama alipewa na babake siku alipoolewa, maana katika koo za mji wa kale binti huolewa akiwa na nyumba yake, na mume ndiye anayehamia. Baada ya mama ilikuwa ije kwangu. Hakuna aliyenitamkia hivyo, lakini nilikwisha kujua nitalala chumba kipi na kitanda nitakielekeza wapi. Mtaani kwetu nyumba zilikuwa zimeuzwa moja baada ya nyingine. Wenyewe wapya huja mwisho wa mwaka, wanakaa siku chache, kisha inabaki kufuli na mlinzi anayesinzia. Matanga ya baba hayajaanuliwa vizuri, watu wakaanza kuniuliza njiani kama nasi tutauza. Nilikuwa nikiwajibu vibaya. Nilijiapiza kwamba mama atamaliza maisha yake katika nyumba aliyopewa na babake, na atakayetaka vingine atanikuta mlangoni.

Wageni nikawapokea jetini. Bwana alikuwa mrefu, mwenye kofia ya kitambaa na viatu vya kupandia milima, ambavyo Amu havina kazi. Mkewe alikuwa mtulivu, amejitanda mtandio kichwani bila kuambiwa na mtu, nikampenda kwa hilo. Tulipokuwa tukielekea ngomeni bwana akanisimulia kwamba mwaka uliopita walikwenda kuzuru miji ya jangwani huko Bara Hindi, mji hadi mji, ngome na majumba ya wafalme. Akasema ngome za kule zimekaa juu ya majabali, na milango yake imepigiliwa misumari mirefu kama mikuki ili tembo wa vitani wasiisukume.

"Hapa tembo hawakuwasumbua," akasema, akiinua macho kuitazama ngome yetu.

"Hapa adui alikuwa akija kwa mashua," nikamjibu. "Hatukuhitaji kumpigilia misumari, tulimngoja akwame mchangani."

Mkewe akacheka. Akaniambia kilichomkaa moyoni katika safari ile si misumari, ni madirisha ya majumba. Wake za wafalme walikuwa wakiishi nyuma ya vizuizi vya mawe vilivyotobolewa matundu madogo, wanaona sokoni na hakuna wa kuwaona. Kiongozi wao aliwaambia hayo kwa fahari sana, lakini bibi huyu alipotia jicho lake kwenye tundu moja hakuona fahari yoyote.

"Sisi hata matundu hatukuweka," nikasema, na mimi kwa fahari. "Nyumba ya mtu wa heshima Amu haina dirisha la njiani. Ukipita nje unaona ukuta tu. Uzuri wote uko ndani."

Nilikuwa nimesema maneno hayo kwa wageni mara nyingi sana, yakatoka yenyewe.

Tukaingia ngomeni. Nikaanza hadithi yangu: ilivyojengwa zama za Waomani, ilivyogeuzwa jela Waingereza walipokuja, jinsi wazee wetu mpaka leo wakisema fulani alikwenda ngomeni hawana maana ya matembezi. Kwa kawaida hapo wageni huomba kuingia katika vyumba vya wafungwa wapigane picha. Bwana huyu hakutaka picha. Alikuwa akigonga ukuta kwa vifundo vya vidole, kisha anaweka sikio.

"Ukuta huu una unene gani?"

Nikamwambia.

"Na chokaa hii, mafundi wanaoijua bado wapo?"

Nikamwambia wapo, si wengi.

Akainua uso kutazama dari, magogo ya mkoko yaliyopangwa yakabeba sakafu ya juu. "Na hizi boriti, zinakaa muda gani kabla hazijaliwa na mchwa? Zikiliwa, unabomoa dari nzima ama unaweza kubadilisha moja moja?"

Mtalii huuliza habari za sultani, habari za watumwa, na chakula cha mchana kinaliwa wapi. Mtu anayeuliza habari za boriti anataka kulala chini yake. Nikakumbuka sauti ya kaka na honi za Mombasa, nikaelewa nimetumwa kuwatembeza wanunuzi wa nyumba yetu, tena niwapambie njia.

Niliwaka. Nilitamani kuwaacha pale pale ndani ya ngome wajitafutie mlango. Lakini kisha nikatulia, maana nilikumbuka eda. Mwanamke aliyefiwa na mume, mpaka eda yake iishe hatoki ila kwa dharura, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni. Huyu bwana angefika kwenye daka yetu, ile baraza ya mawe iliyo mlangoni, na hapo ndipo safari yake ingekomea. Kaka yangu ametoka katika nyumba ile ile lakini Mombasa imemsahaulisha. Nikaona nimepata kufuli, na ufunguo ninao mimi.

Basi nikawatoa, nikawapitisha Ndia Kuu kwa mwendo wa kukimbizwa. Na njiani, Mungu anisamehe, nikaanza kuzisema vibaya nyumba za Amu. Nikasema kuta zinanyonya maji zikatoa chumvi. Nikasema popo. Nikasema punda wakianza kulia alfajiri hata maiti anageuka. Bwana alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa makini, kama mtu anayepewa mashauri ya bure. Ubaya wa kazi yangu ni kwamba ulimi umeshazoea. Tulipopita chini ya wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba, nikajikuta nimesimama naeleza jinsi wanawake walivyokuwa wakitembeleana kwa huko juu bila kukanyaga njia, na jinsi hewa inavyopita chini yake hata katika joto la kaskazi. Nilieleza vizuri mno. Mke akashika ukuta kwa kiganja, akasema ni baridi. Nikajiuma ulimi, nikaongeza mwendo.

Tukafika kwetu. Nikamkaribisha bwana daka, akakaa. Nikasimama mbele ya mlango na kutoa hotuba yangu: kwamba nyumba ni hii, kwamba ndani ni pazuri lakini kwa bahati mbaya mama yangu yuko edani, na dini na ada haziruhusu. Nilisema kwa huzuni ya adabu kabisa. Bwana akasema anaelewa, haina shida.

Mkewe akasogea. "Sikujua mmefiwa," akasema. "Poleni sana. Basi niruhusu niingie nimpe mama pole."

Nilikuwa nimefikiria kila kitu nikasahau kwamba yeye ni mwanamke. Mlango wa mwenye eda haufungwi kwa mwanamke aliyekuja kutoa pole. Tangu baba azikwe walikuwa wakimiminika, wa Pate, wa Matondoni, hata wasiomjua. Ningemzuia kwa neno gani? Nikafungua, nikaita, sauti ya mama ikajibu karibu, na yule mwanamke akavua viatu vyake akaingia.

Mimi ilinibidi nibaki nje, maana kumwacha mgeni peke yake mlangoni ni aibu. Nikakaa, nikasimama, nikakaa upande wa pili. Bwana alikuwa akitazama nakshi za mlango. Mwishowe akasema taratibu, "Nafikiri kaka yako hakukwambia."

"Hakuniambia."

"Sisi tulidhani mmezungumza nyote. Hatukuja kumnyang'anya mtu."

Nilikuwa nimetega sikio ndani. Nilisikia sauti ya yule mgeni, kisha ya mama, kisha hatua zikipanda ngazi, ngazi ambazo mama alikuwa amekataa kuzipanda tangu mazishi. Halafu nikasikia mama anacheka. Alicheka hasa, kile kicheko chake cha kukatika pumzi, na mimi nikakaa pale daka nikiona wivu, kwa kuwa miezi yote ile nilikuwa nikimhudumia na hakunichekea hata mara moja.

Mgeni alipotoka alikuwa na mavumbi ya darini begani. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. "Mama anakuita," akasema. "Sisi tutangoja hapa."

Mama alikuwa ameketi juu ya kitanda katika chumba cha ndani, chini ya zidaka, na leso zake zilizopauka. Nikaanza kabla sijaketi. Nikamwambia kaka ametufanyia njama, ametuletea wanunuzi ndani ya eda, hana haya, na asiogope, mimi nitawarudisha walikotoka.

"Keti," mama akasema. "Kakako hana makosa. Mimi ndiye niliyemwambia."

Nikaketi.

"Wewe nalitaka kukwambia kitambo. Kila nikianza wainuka wenda zako, mara jikoni, mara ngomeni. Kakako yuko mbali, lakini kwenye simu hukaa akanisikiza."

Nikamuuliza kwa nini. Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

"Mimi nimezawa humu," akasema. "Nimeolewa humu, nimezaa humu, nimefiliwa humu. Watu wa mui huu wanihesabia eda tangu babako afe. Mimi eda yangu ni tangu nivunde ungo. Babangu alinipa nyumba hii kwa mapenzi, Mungu amrehemu, na kila atakaye kunisifu husifu nyumba. Sasa nyumba ni yangu na mimi naiuza. Nataka kijumba Mokowe."

"Mokowe!" Nilipiga kelele. Mokowe ni ng'ambo, bara, kule tunakoshukia basi. "Mama, Mokowe kuna nini? Vumbi na jua na magari!"

"Na ndia iko," akasema. "Nataka baraza ya nde yangu mimi, si daka ya kukaa waume. Nikae asubuhi niwaone watu wakishuka basini, nisiowayua, wana mizigo yao. Yule bibi amenambia habari za wake wa wafalme na matundu yao. Nimeteka hata mbavu zaniuma. Nimemwambia wale walikuwa na bahati."

Nikalia. Nilimwambia kweli yote, kwamba nyumba ile nilijua itakuwa yangu, kwamba nimepigana na mtaa mzima kwa ajili yake, kwamba hata kitanda nilikwisha kuchagua kitaelekea wapi. Hakunikemea. Alinifuta machozi kwa ncha ya leso, akangoja nimalize.

"Waitakia nini?" akaniuliza.

"Nikae."

"Hebu nambie, mwanangu. Ni siku gani umekaa humu tangu asubuhi hata magharibi?"

Nikaanza kuzihesabu siku. Nilitafuta. Siku za matanga nilikuwa jetini nikipokea watu, nilikuwa sokoni, nilikuwa nikiazima mikeka nyumba hadi nyumba, na kila kulipokosekana kitu nilishukuru kimoyomoyo. Mama alipoumwa homa mwaka ule mwingine nilimuuguza nikiwa nimeketi kizingitini, mguu mmoja uko nje. Nilirudi nyuma mpaka utotoni, mpaka ile chumvi ya dukani, na siku moja tu nzima sikuipata. Mama alikuwa akinitazama muda wote huo na hakuniharakisha.

Nikanawa uso. Nikatoka daka, ambapo wageni waliinuka wote wawili waliponiona, nikawaambia mama ameniambia, na kwamba eda ikiisha bwana ataingia mwenyewe atazame boriti.