Marejeleo Yaliyosomwa Kanisani

Huku kwetu Kisii na Nyamira, mtu akiandika kitabu hakuna anayeanza kukisoma mwanzo. Watu wanafungua nyuma. Wanatafuta orodha ya marejeleo, waone kama jina la baba yao limo, au la shangazi yao, katikati ya majina ya maprofesa wa Ulaya. Likiwemo, kitabu ni kizuri. Lisipokuwemo, wanakifunga na kukuuliza kama umekunywa chai.

Mimi nililijua hilo vizuri, na bado yakanipata.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nafundisha chuo cha walimu, na huku naandika tasnifu ya uzamili kuhusu dawa ambazo akina mama wazee wa Nyamira huwapa watoto wachanga: za tumbo, za kikohozi, za homa. Kazi yenyewe niliipenda. Kilichonitoa jasho ni marejeleo. Msimamizi wangu alikuwa mtu wa nukta na mkato. Ukikosea mwaka wa kitabu kimoja tu, anakurudishia sura nzima. Basi aliporudi kutoka ng'ambo na disketi zenye programu ya kupanga marejeleo, akanipa nakala, nilimshukuru kana kwamba amenipa ng'ombe.

Kompyuta ilikuwa mjini Kisii, nyuma ya duka la vitabu na karatasi la familia moja ya Kihindi. Aliyeisimamia ni mke wa mtoto wa mwenye duka, mwanamke wa rika langu, mcheshi, ambaye aliniita mwalimu nami nikamwita dada. Alinipa kiti kati ya mabunda ya daftari, akaniacha nifanye kazi mwenyewe. Programu ilikuwa hivi: kila chanzo unakifungulia kadi yake kwenye skrini. Hapa jina la mwandishi, hapa mwaka, hapa mahali, na chini kabisa nafasi ya maelezo yako mwenyewe, ya kujikumbusha. Ukimaliza unachagua mtindo, unabonyeza, na orodha inajipanga yenyewe kwa alfabeti. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu. Miaka yote ile nimeteseka na vipande vya karatasi, kwani nilikuwa nimerogwa?

Wazee niliowahoji nao walikuwa na kadi zao: jina, umri, kijiji. Wote walitaka majina yao yaandikwe. Kuna mmoja alinisimamia mpaka nikaongeza jina la babu yake. Wote, isipokuwa mmoja.

Huyo alikuwa mjane, jirani wa wakwe zangu huko Nyamira, ng'ambo ya kijito. Nilimwita magokoro, yaani nyanya, kama walivyomwita watoto wote wa pale. Alijua dawa kuliko wengine wote, na nilishinda jikoni kwake likizo nzima. Siku moja, akichambua majani, akaniambia bila kuniangalia kwamba pale sipo alipoolewa kwanza. Alikoolewa kwanza ni mbali, upande mwingine wa Kisii, na huko watoto wa mke mwenzake walikufa wakifuatana, na watu wakaanza kumtazama. Alitoka na nguo alizovaa.

"Hapa hawajui," akasema. "Jina langu usiliandike, mwanangu. Jina linatembea."

Mtu wa kwingine huenda asielewe. Miaka ile, katika vilima vyetu, kutazamwa kulitosha. Mama mzee ananong'onwa kuwa ni mchawi wiki hii, wiki ijayo nyumba yake ni majivu na yeye ndani. Si hadithi za kutishia watoto hizo. Mimi mwenyewe nilipita karibu na nyumba kama hiyo ikiwa bado inatoa moshi, na harufu yake sijaisahau. Kwa hiyo nilimwahidi. Penye jina nikaandika "Msimulizi asiyetajwa". Na chini, kwenye nafasi ya maelezo, nikaandika jina lake na sababu, nisije nikasahau baadaye ni nani na kwa nini. Maelezo yale yalikuwa yangu. Programu yenyewe ilisema ni yangu!

Mwishoni msimamizi akabadilisha mawazo. Mtindo ule hautaki tena, anataka mwingine. Zamani ningelia. Sasa nilichagua tu mtindo uliofanana na alioutaka, nikabonyeza, nikachapisha. Nikaangalia ukurasa wa kwanza wa marejeleo: vitabu vitupu, safi kabisa. Wikendi hiyo mume wangu alikuwa amekuja kutoka Nakuru anakofanya kazi, akaichukua nakala ile akaipeleka kwa baba yake, kwa sababu kwao jambo jema lolote la nyumba huanza kuonyeshwa baba. Kisha akarudi kazini. Baba mkwe, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, akatuma neno: Jumamosi, siku yetu ya ibada, atanipongeza mbele ya kanisa na kuwasomea watu orodha ya walionisaidia. Nilifurahi, jamani. Nilinunua hata kitambaa kipya cha kichwa.

Ijumaa nikarudi dukani kuchapisha nakala ya chuo. Yule dada alikuwa akizipanga karatasi zikitoka kwenye printa.

"Mwalimu," akasema, "orodha yako inaeleza mambo mengi. Mpaka magonjwa ya watu?"

Nikacheka, nikamuuliza magonjwa gani. Akanipa ukurasa.

Chini ya kila mzee niliyemhoji palikuwa na maelezo yangu. Yote. Huyu hasikii vizuri, rudia maswali. Huyu mpelekee sukari. Huyu anatia chumvi. Na kwenye herufi ya M, chini ya Msimulizi asiyetajwa, jina lake lote, na maneno yangu mwenyewe: asitajwe, alikoolewa kwanza alishukiwa uchawi. Mtindo niliouchagua ulikuwa wa kutoa kila kadi pamoja na maelezo yake. Vitabu sikuwa nimeviandikia maelezo, ndiyo maana ukurasa wa kwanza ulikuwa safi.

Nilikaa chini, juu ya bunda la daftari, na yule dada akaniletea maji na kuniuliza kama nina mimba. Nakala ya kwanza ilikuwa Nyamira, ndani ya nyumba ya baba mkwe, na kesho yake ni Jumamosi.

Nilifika nyumbani kwa wakwe jua likiwa bado juu ya michai. Mama mkwe alikuwa jikoni akiharakisha chakula cha kesho, maana jua likizama Ijumaa kazi imekwisha. Nikamwambia nataka kile kitabu, kina makosa.

"Kiko chumbani kwa tata," akasema, yaani baba. "Anakisoma wiki nzima, hata redio amesahau."

Hapo nikakwama. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Mke wa mwana haingii chumbani kwa baba mkwe, hampi kitu mkononi, habishani naye, wala hamkazii macho. Miaka yote ya ndoa yangu, mimi na yule mzee tulikuwa tukisemezana kupitia kwa watu, au kupitia ukutani. Na mama mkwe sikuweza kumweleza. Mungu amlaze pema, alinipenda sana, lakini mdomo wake haukuwa na mlango. Neno la jikoni lingefika kisimani kabla ya ndoo. Ningesema kuna jina halifai kusomwa, angeuliza la nani. Kila njia ya kumwokoa magokoro ilipitia kwenye kumtaja.

"Mwambie tu kuna makosa ya chapa," nikasema.

Akaenda. Nikasikia sauti zao upande wa pili wa ukuta. Akarudi akifuta mikono.

"Anasema makosa ameyaona. Atakurudishia kesho baada ya kanisa."

Ameyaona! Makosa gani? Ya nukta, au yale? Nilitaka kupiga kelele. Mimi nina hasira za karibu, wanafunzi wangu wote wanajua, na jioni ile niliikasirikia kompyuta, nikamkasirikia msimamizi na mitindo yake, nikazikasirikia na adabu zetu zote. Lakini chini ya hasira ilikuwa hofu tupu. Baba mkwe alikuwa mtu wa haki, na miaka ile watu wa haki ndio walionitisha zaidi. Ni wao waliokuwa wakisema kijiji kisafishwe.

Kwa magokoro sikwenda. Ningemwambia nini? Nilisimama uani nikiutazama moshi wa jiko lake ng'ambo ya kijito.

Jumamosi kanisa lilijaa. Magokoro alikaa upande wa akina mama, karibu na dirisha, amevaa gauni la mtumba alilonunuliwa soko la Daraja Mbili, limepigwa pasi vizuri. Aliniona akatabasamu. Nikainamisha kichwa.

Baba mkwe alisimama mimbarini, akavaa miwani, akaanza kusoma. Vitabu vya wazungu alivipita mbio, na watu wakacheka jinsi alivyopigana na majina. Akimkuta mzee wetu anapunguza mwendo. Jina likisomwa, ukoo mzima unapiga makofi, na mwenyewe anasimama na kupunga mkono utadhani anagombea ubunge. Alisoma jina, umri na kijiji, basi, maelezo hakuyagusa. Nikaanza kupata pumzi. Kisha akafika M. Nilijua amefika, kwa kuwa nilikuwa nahesabu alfabeti kwa vidole. Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. Kanisa lote wanamsubiri. Nilibanwa na haja ndogo kama mtoto. Akashusha kidole, akasoma jina lililofuata.

Alijua. Alikuwa ameyaona, na alikuwa ameamua. Machozi yalinitoka, nikadhani mambo yamekwisha.

Orodha ilipofika mwisho, mama mmoja huko nyuma akauliza kwa sauti, bila ubaya wowote: "Na jirani yetu je? Si mwalimu alishinda kwake likizo nzima? Mbona hayumo?"

Vichwa vikageuka. Si kwangu, kwa magokoro. Mmoja akasema kitu kwa sauti ya chini, mwingine akamjibu. Nikauona uso wake ukibadilika. Nikamwona akikusanya gauni lake magotini, anajiandaa kutoka, nikaelewa kwamba kutazamwa hivyo anakujua. Nilikuwa nimeogopa jina lake kusomwa. Sikuwahi kufikiri kwamba pale ambapo kila mzee ametajwa, asiyetajwa ndiye anayeonyeshwa kidole.

Baba mkwe alibaki na karatasi mkononi. Kusema uongo mimbarini hawezi, na kuusoma mstari ule hawezi. Akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe pale, alinitazama usoni.

Nikasimama. Mke wa mwana hasimami kumkatiza baba mkwe, na nilimsikia mama mkwe akivuta pumzi. Nikalitaja jina la magokoro lote, lile nililoahidi kutolitaja, kwa sauti yangu ya darasani. Nikasema huyu hayumo kwenye orodha ya wasaidizi kwa sababu yeye ni mwalimu wangu. Nikasema dawa yake ya kikohozi wamekunywa watoto wangu, na hawa hapa, watazameni, wazima. Kisha nikaenda mpaka kwenye benchi lake, nikakaa, nikamshika mkono mbele ya watu wote.

Mama mkwe ndiye aliyeanza vigelegele. Makofi yakafuata, kwanza machache, halafu kanisa zima. Mkono wa magokoro ulikuwa baridi ndani ya wangu, na haukupata joto mpaka wimbo wa mwisho.

Nje hakunishukuru. Alinivuta kando.

"Nilikuambia usinitaje."

"Ndiyo, magokoro. Nisamehe."

"Sasa umenitaja. Basi usiache kuja kwangu. Na uje mchana, watu wakiona. Siku ukiacha, watauliza umeacha kwa nini."

Nakala yangu ilirudi kupitia kwa mama mkwe. Mistari ile ilikuwa imepakwa wino mweusi mpaka karatasi imetoboka. Kama mzee aliipaka kabla ya kanisa au baada yake, sikuuliza, na chinsoni haikuturuhusu kulizungumza mpaka alipofariki. Mjini nilifuta maelezo yote kwenye kompyuta, kadi baada ya kadi, na hata baada ya kuyafuta nilizirudia tena zote.

Na kwa magokoro nikaenda. Kila nikiwa nyumbani nilivuka kijito mchana kweupe, nikipita mbele ya nyumba za watu na kuwasalimu kwa sauti. Nilikunywa uji wake pale nje, hata siku ambazo nimeshiba. Niliwapeleka watoto, nikawaambia wapige kelele. Safari zile sikuwahi kuzizoea. Kabla ya kuteremka kwenye kijito nilisimama kwanza, nikaangalia kama paa lake lipo.

Alikufa mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, kwa pumu, mchana, kitandani mwake, mke wa mwanawe akimkorogea uji. Msibani nilimshika yule mke wa mwanawe nikamuuliza, ilikuwa pumu kweli? Kitandani? Hakuna aliyekuja? Nikamuuliza tena, mpaka akaniona sina adabu. Aliponiapia kwamba ndivyo ilivyokuwa, nililia kwa furaha, na pale hapakuwa na mtu ambaye ningeweza kumweleza kwa nini.